Mkono wangu ulikataa kuachia: mimi, kaiti na upepo wa mikupuo

Najifunza mchezo wa kuteleza juu ya maji ukivutwa na kaiti, kishada kikubwa kinachoshika upepo. Siku ya kwanza nilipewa kaiti ndogo ya mazoezi, mita 3 za mraba, kamba mbili tu zilizofungwa kwenye baa, ile fimbo unayoshika kuiongozea, kitu ambacho kikiwa kimelala mchangani unaona ni kishada cha watoto kilichokula kikashiba. Nikasema moyoni hii si nitaimaliza kwa nusu saa. Dakika ya tano upepo ukaingia mkupuo mmoja, yaani ukaongezeka nguvu ghafla, kaiti ikashuka katikati huko mbele, mwalimu anapiga kelele "achia! achia baa!" na mimi ndo kwanza nimeing'ang'ania kama mtu anayenyang'anywa mali yake. Nikaburutwa kwa magoti hatua kama kumi. Mwalimu alikuja pole pole, hakucheka, akaniuliza swali moja tu: "Mdogo wangu, nani alikushika?"

Hakuna aliyenishika. Kaiti ile ukiachia baa inaanguka, inabaki kwenye kamba ya usalama mkononi, mchezo umeisha. Nilikuwa najua, alishanieleza mara tatu. Ila mkono una akili yake bwana, ukiogopa unakaza. Na mchezo huu wote kwenye upepo usiotulia, kwa nilivyouelewa mimi, ni kuufundisha mkono ufanye kinyume cha hofu.

Ikawa mbaya zaidi nilipohamia kaiti kubwa ya kamba nne. Pale baa inateleza mbele na nyuma: ukiivuta kifuani kaiti inashika upepo zaidi, ukiisukuma mbali na mwili kaiti inapoteza nguvu. Sasa fikiria, mkupuo unakuja, unavutwa mbele, mwili unataka kujishikilia, mikono inavuta kifuani, kwa hiyo unaongeza nguvu kwa kile kile kinachokuvuta! Ni kama kukanyaga mafuta ukidhani ni breki. Nilifanya hivo siku mbili nzima na kila mara nilikuwa naapa sikuvuta, mpaka mwenzangu akanirekodi kwa simu nikajiona.

Sasa kwa nini mikupuo inauma hivi. Watu wengi (na mimi nilikuwemo) tunadhani upepo ukiongezeka nusu basi na mvuto unaongezeka nusu. Sio. Mvuto unakwenda na mraba wa kasi. Upepo ukitoka noti 12 ukafika 24, noti hapa ni kipimo cha kasi ya upepo sio za pesa, mvuto haujazidi mara mbili, umezidi mara nne. Hata ukitoka 15 kwenda 25, yaani toka kama kilomita 28 kwa saa mpaka 46, ni karibu mara tatu. Kwa hiyo mtu akikwambia "leo wastani ni noti 18, poa kabisa", muulize wastani wa nini na nini. 18 iliyotulia ni siku tamu sana. 18 iliyopatikana kwa kuchanganya 11 na 25 ni siku ya kukaa chini ya mti na kuangalia wenzako.

Nikanunua kipima upepo kidogo cha mkononi. Nasimama pale upepo unapoingia safi, nakishika juu dakika tano nzima, sio sekunde kumi, naandika cha chini kabisa na cha juu kabisa. Tofauti ikipita noti 10 mi sirushi, labda baadaye nikiwa mzoefu. Na ukubwa wa kaiti nachagua kwa kuangalia ile namba ya juu, sio wastani. Afadhali nipate kaiti ndogo inayokosa nguvu upepo ukilala kuliko kubwa itakayoninyanyua upepo ukiamka. Kukosa nguvu kunakufanya usimame majini kama nguzo unaona aibu, basi, hakuna zaidi.

Halafu kuna suala la upepo unatoka wapi, hili nililidharau sana mwanzoni. Upepo unaotoka baharini wazi umesafiri juu ya maji bila kizuizi kwa hiyo unakuja laini kiasi, shida yake ukiwa unaingia moja kwa moja ufukweni unakusukuma kwenye mchanga, mawe, watu. Unaotoka nchi kavu ndo mbaya kuliko wote, umepita juu ya miti na nyumba umekuja umevurugika, mara uko mara haupo, na ukishindwa unakupeleka bahari kuu. Unaotakiwa ni ule unaokata ufukwe kwa ubavu, ukiegemea kidogo kuja nchi kavu. Na hata huo, angalia kuna nini upande wa joshi, kule unakotoka. Nyumba au mstari wa miti unavuruga hewa nyuma yake kwa umbali hata mara saba ya urefu wake au zaidi, kwa hiyo miti ya mita 10 inakuharibia mita 70 za ufukwe na ushee. Sisi tulikuwa tunafanyia mazoezi nyuma ya miti kwa sababu pana kivuli, tunashangaa kaiti inacheza kama imelewa. Tulisogea mbele tu, ikawa upepo mwingine kabisa. Upande wa demani nao, kule upepo unakoelekea, uwe mtupu. Kamba zenyewe ni mita 20 na kitu, nataka angalau mara mbili ya hapo pasiwe na mtu wala kigingi.

Wingu jeusi la mvua likionekana, natua. Kabla ya lile wingu upepo unaweza kufa kabisa, unaona shwari, halafu unarudi ghafla kwa nguvu na wakati mwingine kutoka upande mwingine.

Turudi kwenye kaiti. Mbele yako kuna kama robo ya mpira mkubwa ambamo kaiti inaweza kuruka, wanaihesabu kama saa: saa sita ni juu ya kichwa, saa tatu na saa tisa ni pembeni kabisa chini, kushoto na kulia. Pembeni na juu kaiti haina nguvu sana, katikati ya mbele chini huko ndo moto unapowaka. Mwanzoni kila mtu anakimbilia kuiegesha saa sita, inaonekana imetulia, unapumzika mikono. Kumbe ukiwa nchi kavu hapo ndo mtego, kwa sababu mkupuo ukiikuta juu ya kichwa mvuto unaelekea juu, na wewe unaelekea huko huko, halafu unashushwa popote. Siku hizi nikiwa mchangani kaiti naiweka chini pembeni upande wa bahari, natembea nayo moja kwa moja majini, sisimami kupiga stori. Ikinivuta inanivuta ubavu kuelekea majini, nitalowa tu.

Saa sita ina ujanja wake mwingine hata ukiwa majini. Mkupuo unaingia, kaiti inachupa mbele inapita juu ya kichwa chako, halafu upepo unalala, kamba zinalegea, kaiti inaporomoka kama jani. Ikishika upepo tena huko chini inaamka na hasira. Hapa sasa ile "achia" inakuwa na mke mwenza: kaiti inapochupa mbele unaivuta baa kidogo sana kuipunguza mwendo, na kamba zikianza kulegea unarudi nyuma kuzikaza. Nilichanganyikiwa sana hapa. Mwalimu mara anasema achia, mara vuta kidogo, nikamwambia kaka yangu chagua moja. Akanijibu sikiliza kwenye hanesi, ule mkanda wa kiunoni unaobeba mvuto wa kaiti, sio kwenye mikono. Ilichukua wiki kumuelewa. Mkupuo unausikia kiunoni, mkanda unakaza, hapo sukuma baa. Mkanda ukilegea ghafla, kaiti imekukimbia au upepo umekufa, hapo ndo mikono ifanye kazi. Na kuna kosa la tatu, upepo umepungua wewe umeing'ang'ania baa kifuani, kaiti inazibwa pumzi inaanza kuruka kinyumenyume. Dawa yake ni ile ile, sukuma, iache itembee mbele yenyewe.

Zoezi lililonisaidia kuliko yote ni la kijinga ukiliona: kuongoza kwa vidole viwili. Kila mkono kidole cha shahada na cha kati, basi. Kwa vidole viwili huwezi kung'ang'ania hata ukitaka. Nikachora namba nane angani, ndogo ndogo, kisha mkono mmoja, kisha nikiwa naangalia maji badala ya kaiti. Siku nilipopigwa mkupuo wa kweli vidole vikateleza vyenyewe, baa ikaenda mbele, kaiti ikapoa. Nilipiga kelele ufukwe mzima ukageuka.

Kuhusu kifyatuo cha dharura sitasema mengi ila hili: kivute kwa makusudi kila siku kabla ya kuingia. Mpangilio ni kwanza kuachia baa, ikishindikana unavuta kifyatuo, kaiti inabaki imening'inia kwa kamba moja ya mbele inapoteza nguvu, na kama bado inakuburuta unakata na kamba ya usalama, kaiti iende zake. Mimi nilivuta changu siku moja mchangani kikagoma, kimejaa mchanga. Nikakiosha kwa maji baridi kikafunguka. Ningekigundua wapi kama sio pale? Na kaiti ikikuburuta usikimbilie kushika kamba kwa mkono wala kujizungushia kidoleni, kamba ile nyembamba inakata.

Kurusha na kutua nafanya na mtu anayejua, sio mpita njia mwenye roho nzuri. Nafuata kamba moja moja kwa jicho toka baa mpaka kwenye kaiti, kwa sababu kamba za kuongozea zikipishana, ukivuta kulia inaenda kushoto na huna muda wa kufikiri. Kidole gumba juu maana yake achia, kabla ya hapo asiachie.

Ninachohangaika nacho sasa hivi ni kujiokoa kwenye kina kirefu, kukunja kamba kwenye baa huku unaelea mpaka uifikie kaiti na kuigeuza boya la kukurudisha nchi kavu. Jumamosi nilitumia dakika ishirini na tano, nikamaliza nikiwa na fundo kubwa kama kichwa cha mtoto, mwalimu akaliangalia kwa muda, akaniambia nilifungue mwenyewe.