Boksi la Udongo Kutoka Longyearbyen

Kikwazo cha kwanza cha kufika Svalbard, visiwa vya Norwe vilivyo karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, kwa mwenye pasipoti ya Kenya, si baridi bali ni viza. Visiwa vyenyewe havidai viza, lakini ndege hupitia Norwe bara, na kwa kuwa Svalbard iko nje ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, nililazimika kuomba viza ya kuingia mara mbili ili niweze kurudi. Nilipofika Longyearbyen, mji mkuu wa visiwa hivyo, bakuli la supu na kipande cha mkate vilinitoa pesa ambazo Nairobi zingenilisha siku kadhaa.

Kazi yetu ilikuwa kutafuta bakteria wanaoishi kwenye baridi kwa kuchimba udongo katika bonde la Adventdalen, tukiwa na mlinzi mwenye bunduki kwa ajili ya dubu weupe. Mwezi Agosti tabaka la juu huwa limeyeyuka, lakini ukichimba zaidi sepeto hugonga udongo ulioganda mwaka mzima na kulia kama limegonga jiwe. Tulichota kwa kijiko kilichochomwa kwa moto wa spiriti, tukatia katika mifuko safi, kisha tukapanga mifuko hiyo katika boksi la barafu.

Yaliyonikasirisha yalitokea uwanja wa ndege wakati wa kurudi. Mhudumu wa kaunta alidai ada ya boksi iliyokaribia bei ya tiketi yangu, ingawa nilikuwa nimeandikiwa kwamba limeshalipiwa. Alifungua kifuniko, akakikagua kibali changu mara mbili, kisha akaliacha boksi wazi juu ya toroli, kwenye jua lililopenya kioo, akimsubiri msimamizi wake. Nilisimama pale nikiangalia kipimajoto kikipanda kutoka nyuzi 2 hadi 11. Nilijaribu kumweleza kwamba bakteria wanaopenda baridi hudhoofika kwenye joto, na kwamba wale wachache wanaostahimili joto huzaliana haraka na kuwafunika wenzao, hivyo udongo ukifika maabara unatoa picha ya uongo. Alinijibu kwamba udongo ni udongo. Nililipa.

Bahati nzuri mifuko ya katikati haikupata joto. Maabara tulipaka maji ya udongo kwenye sahani za agari, jeli ya kukuzia vijidudu, yenye chakula kidogo, kwa sababu viumbe waliozoea njaa hudumaa kwenye chakula kingi, tukaziweka kwenye nyuzi 4. Wiki zilipita bila chochote, kisha likatokea doa la waridi dogo kuliko punje ya ulezi. Tulilitenga mara kwa mara hadi tukapata ukoo mmoja safi, yaani bakteria wa aina moja tu wasiochanganyika na wengine.

Rangi haitoshi kumtambulisha bakteria, wala umbo lake chini ya hadubini. Tulianza na jeni la 16S, ambalo bakteria wote wanalo na hutumika kulinganisha undugu wao, na ulinganifu wake na jamaa wa karibu ukawa chini ya asilimia 98.7, kiwango ambacho chini yake watafiti huanza kufikiria spishi mpya. Bado inabidi kusoma jenomu nzima, yaani jeni zake zote, ambako mpaka wa spishi ni ulinganifu wa asilimia 95 hadi 96, kupima asidi za mafuta za utando wake, na kuhifadhi ukoo ulio hai katika benki mbili za vijidudu zilizo katika nchi mbili tofauti kabla jina halijathibitishwa. Nauona ugumu wa masharti hayo ni wa haki, kwa sababu ni lazima tujue kwa hakika ni bakteria yupi anafanya nini. Bakteria Methylobacter tundripaludum, aliyeelezwa mwaka 2006 kutoka udongo wenye majimaji wa kijiji cha Ny-Ålesund huko huko Svalbard, hula methani, gesi inayoongeza joto duniani. Kadiri udongo ulioganda unavyoyeyuka na kutoa methani, ni muhimu kujua kwa hakika ni nani anayeila gesi hiyo kabla haijafika angani.

Sharti la benki mbili ndilo lililonirudisha nyumbani kimawazo. Spishi ya bakteria Spirochaeta africana ilipatikana Ziwa Magadi na kuelezwa mwaka 1996 katika kazi iliyoongozwa na watafiti wa Urusi, na ukoo wake wa kielelezo, ule ambao wengine hulinganishwa nao, umetunzwa Ujerumani. Mwanafunzi wa Nairobi, aliye mwendo wa saa chache tu kutoka ziwa hilo, akitaka kulinganisha alichokipata na ukoo huo, ataagiza kutoka Ulaya na kulipia usafirishaji. Nimekwisha kumwandikia mwalimu wangu wa zamani kwamba udongo wa juu wa Mlima Kenya, unaoganda usiku na kuyeyuka mchana, tuuchimbe wenyewe, na nakala moja ya kila ukoo ibaki katika friza za nchini.