Kisu cha mabapa matatu: nilivyopata kisichojikwaruza

Baba anafuga ng'ombe Dodoma, nami naishi Pennsylvania, jimbo ambako visu vya kukunja vya mtindo wa zamani bado vinatengenezwa: Case wako Bradford, Great Eastern wako Titusville. Mzee alitaka stockman, kisu cha wafugaji wa Marekani. Kina bapa kubwa lenye ncha kali la kazi zote, la pili lenye makali yaliyonyooka, na la tatu lenye ncha butu la kuhasia, lisije likatoboa pasipotakiwa.

Cha kwanza nilikiagiza mtandaoni, kikaja kinang'aa. Kukifungua mara chache tu, ubavuni mwa bapa kubwa pakatokea mkwaruzo mrefu. Nikaambiwa, "Tia mafuta, kitazoea chenyewe." Jamani, mafuta yanasogeza chuma? Mwingine akanishauri nipige tupa kile kijino kilicho chini ya bapa, karibu na pini ambayo bapa huzungukia. Hapo nilikasirika kweli, maana kisu cha rafiki yangu kiliharibiwa hivyohivyo. Kijino ndicho kinachozuia bapa lisizame. Ukikipunguza sana, makali yanagonga springi, kile chuma cha mgongoni mwa mpini kinacholibana bapa, na kila ukifunga kisu unakitia butu. Mkwaruzo nao uko palepale!

Mabapa matatu yanabanana kwenye mpini mmoja, mara nyingi kwa springi mbili tu, kwa hiyo fundi huyapinda kidogo sana shingoni ili yapishane. Ukiyaona hayako sambamba kabisa, usikikatae kisu kwa hilo. Ni upindaji huo ndio unaomtofautisha fundi na mlipuaji.

Nikakirudisha kile cha kwanza, nikaenda dukani mwenyewe kuchagua kingine, nikiwa na maka peni na karatasi ya risiti. Muuzaji alishangaa, lakini akaniruhusu. Nikapaka wino ubavuni mwa bapa kubwa, nikafungua na kufunga yote kwa zamu: moja likiwa wazi mengine yamefungwa, kisha kinyume chake. Wino ukifutika mahali, hapo ndipo yanaposuguana. Haukufutika. Halafu karatasi: nikaiweka ndani ya mfereji, ule mwanya wa mpini ambamo bapa hulala, nikafunga bapa taratibu hadi mwisho bila kuliachia lijipige. Ikitoka imekatwa, ujue makali yanafika kwenye springi. Yangu ilitoka na mkunjo tu. Raha niliyoisikia pale dukani, acha tu!

Mgongoni springi zilikuwa sawa na mabamba ya pembeni, kisu kikiwa wazi na kikiwa kimefungwa. Nikakiinua kwenye taa, hakuna mwanga uliopenya kati yake. Nikasukuma kila bapa kushoto na kulia, hakuna lililocheza. Wino nikautoa kwa spiriti.

Kilizidi dola mia kidogo, wala sijutii. Mzee nimemsisitizia asafishe mifereji kwa kijiti kila akimaliza kuhasi, akaushe, ndipo atie tone la mafuta kwenye pini. Damu na vumbi vikigandia humo, hata kisu kizuri hukwama.