Mkanda wa cherehani

Jumapili, usiku wa manane. Nimeumaliza wimbo nilioukimbia miaka sita. Ncha za vidole vya mkono wa kushoto zinawaka, maana nimeurudia na gitaa tangu magharibi, na jirani wa chumba cha pili ameshagonga ukuta mara moja. Naandika kabla sijalala, nisije kesho nikajidanganya kwamba ulikuja wenyewe.

Niliuanza kama nilivyozoea kuanza nyimbo zangu zote. Beti la kwanza lilikuwa hili:

Moyo wanivuja damu, machozi yananitoka,
Penzi limekuwa sumu, usiku naweweseka.

Mizani nane kwa nane. Vina vimekaa, *mu* katikati, *ka* mwishoni. Kwa kanuni halina kasoro. Lakini hakukuwa na penzi lolote lililokuwa sumu, na usiku nalala fofofo. Maneno yale yalikuwa tayari mdomoni kabla sijayafikiria. Ukitafuta kina cha *mu*, damu inakuja, sumu iko nyuma yake, na kabla hujajua umeshaandika huzuni ya mtu mwingine kabisa.

Shangazi alikuwa amekuja kutoka Tanga, amekaa mkekani anachambua mchele. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sauti unayo, baba," akasema. "Ila huyo anayelia humo ndani ni nani? Simjui."

Sikumjibu. Alipoondoka nililitoa daftari langu na kupitia nyimbo zote. Ziko 23. Katika zote mimi ndiye niliyeachwa, niliyesalitiwa, niliyesemwa vibaya na walimwengu. Hakuna hata mmoja ambamo mimi ndiye niliyekosa. Tumelelewa kwenye mipasho na vijembe, na ni sanaa kubwa, siidharau hata kidogo. Lakini mtu akiishi miaka thelathini na kitu, akatunga nyimbo 23, na asijikute na kosa hata katika moja, basi kuna mahali anaruka makusudi.

Mahali ninaporuka napajua.

Marehemu baba alikuwa fundi cherehani, mtaa wa Ngamiani, Tanga. Cherehani yake ya miguu ilikaa barazani, redio juu ya kabati la vitambaa. Jamhuri Jazz au Atomic Jazz wakipigwa, mguu wake ulibadili mwendo na mshono ukaenda na bendi. Mteja akilalamika kwamba nguo imechelewa, anamwambia, "Subiri wimbo uishe." Mdogo wangu ndiye aliyerithi mkono wake. Akiwa na miaka kumi na saba, baba ameshafariki, alikuwa anashona sare za watoto wa mtaani kwetu kwenye cherehani ileile.

Kisha mkanda ukakatika, ule wa ngozi unaotoka gurudumu la chini kwenda la juu. Cherehani ikakaa wiki mbili bila kazi. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Dar, na kichwani nina jambo moja tu, kurekodi. Nikajiambia kile ni chuma kinachooza. Siku mdogo wangu alipotoka asubuhi, nikamleta fundi wa mtaa mwingine, akanipa shilingi 180,000, wakaibeba watu wawili. Pesa ile ikalipa studio. Wimbo niliorekodi ulikuwa wa mapenzi, na sijausikiliza tena tangu mwaka ule.

Alirudi jioni. Mkononi ana mkanda mpya umeviringishwa kwenye kipande cha gazeti. Akasimama barazani akaangalia sakafu, pale saruji ilipobaki na alama nne za miguu ya cherehani, nyeupe kuliko sehemu nyingine. Akautundika ule mkanda kwenye msumari ambao baba alikuwa akitundikia futi yake. Akanawa mikono, akala. Hakuniuliza kitu. Mpaka leo hajaniuliza.

Hilo ndilo lililokuwa likinililia humo ndani, shangazi.

Nilijaribu kwanza kuliandika bila vina wala mizani, nikidhani ukweli unataka maneno yaliyofunguliwa. Likatoka refu, limejaa kujitetea. Kila mstari ulikuwa na "lakini" yake. Hapo nikamkumbuka Shaaban Robert, mtu wa Tanga kama sisi, aliyemwandikia mkewe Amina shairi la maombolezo baada ya kufiwa naye. Uchungu ule wote aliutia ndani ya vina na mizani, na haukupungua. Nilikuwa nimezoea kuilaumu kanuni kwa uongo wangu, kumbe kanuni haikunituma kuandika damu na sumu. Mimi ndiye niliyechukua la kwanza lililokuja nikaacha kutafuta.

Nikarudi kwenye nane kwa nane, na safari hii nikajiwekea sharti moja: kila neno liwe limetokea. Sharti hilo linachosha. Nilikaa na mstari mmoja siku nne. Lakini mizani ikikubana na huruhusiwi kusema uongo, maneno ya kujitetea ndiyo yanayoanza kukosa nafasi. "Nilikuwa na shida" haikuingia. "Ilikuwa imeharibika" haikuingia. Kilichobaki ni hiki:

Sokoni ulipokwenda, cherehani niliuza,
Ulirudi na mkanda, wala hukuniuliza.

Nilipoandika *wala hukuniuliza* nililiweka gitaa chini nikatoka nje. Nimeandika nyimbo za machozi miaka yote hii, sikuwahi kutoa chozi nikiwa natunga.

Kiitikio kilinisumbua kwa namna nyingine. *Alama nne za miguu, sakafuni zimebaki.* Hesabu kipande cha kwanza, utapata tisa, maana ile *n* ya mwanzo wa *nne* nayo inahesabiwa. Nilijaribu kuipunguza. "Alama tatu" ingebaki tisa vilevile na isingekuwa kweli, na "alama za miguu" tu haitoshi, kwa sababu mimi niliziona nne, na ninaziona nne kila nikifumba macho. Nimeiacha tisa. Kwenye kuimba, *nne* inaburuzika kidogo, kama mtu aliyejikwaa.

Mdundo sikuutafuta. Fundi wa cherehani ya miguu huanza kwa kulisukuma gurudumu kwa mkono, halafu mguu unashika, polepole, kisha unakolea. Nikaupiga hivyo kwa dole gumba kwenye nyuzi mbili nene, hivyohivyo hadi mwisho. Hakuna ala nyingine humo, wala sitaki iwekwe.

Limebaki jambo ambalo kwangu lilikuwa zito kuliko kutunga. Kisa ni changu, lakini si changu peke yangu. Aliyeumia yuko hai, ana mke na mtoto, na kimya chake ni mali yake. Siwezi kukichukua nikakipandisha jukwaani kwa sababu tu nimejua kukipangia vina. Nilishachukua kitu chake kimoja bila kumuuliza.

Kwa hiyo leo saa mbili usiku nilimpigia. Nikamwambia kuna wimbo, nikamwambia unahusu nini, na kwamba akisema hapana unabaki daftarini. Kimya. Nikasikia mtoto wake analia kwa mbali, na mama yake anambembeleza.

"Imba," akasema.

Nikaweka simu kitandani nikaimba wote, mabeti matano. Sauti ilikatika kwenye la tatu, nikalirudia. Nilipomaliza, kimya tena, kirefu, nikadhani salio limekwisha.

"Umekosea, kaka," akasema.

Nikamwambia najua. Kwamba miaka sita nimejua, na nilipaswa kumwomba radhi siku ileile, kabla ya wimbo wowote.

"Hapana, nasema kwenye wimbo. Umekosea. Mimi siku ile sikwenda sokoni. Sokoni haikuwepo mikanda ya namna ile. Nilikwenda Pangani, kwa mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi na baba. Alikuwa na cherehani mbovu, akanifungulia mkanda wake, hakutaka hata senti."

Pangani. Kwa barabara ile, siku nzima kwenda na kurudi, kwa nauli aliyoitoa sijui wapi. Na mimi miaka yote hii nimemweka sokoni, hatua chache kutoka nyumbani, kwa sababu sikuwahi kumuuliza ule mkanda ulitoka wapi.

"Bado ninao," akasema. "Uko kwenye sanduku. Rekebisha hapo, ukiimba tena nipigie."

Nimefuta *Sokoni*. *Pangani ulipokwenda.* Nimehesabu kwa vidole: nane.