Muhula wa Kwanza wa Uzamili, Nikiwa na Protoni

Nilipoanza shahada ya uzamili katika upigaji picha za kitabibu, nilidhani ningefundishwa kusoma picha. Kumbe muhula mzima ulipita nikijifunza jinsi picha yenyewe inavyozaliwa. Mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, haifanyi kazi kama kamera: sumaku yake huzipanga protoni (viini vya atomi) za haidrojeni, zilizomo hasa katika maji na mafuta ya mwili, kisha mawimbi ya redio huzivuruga, na zinaporejea katika utulivu hutoa ishara dhaifu ambayo hesabu za Fourier, yaani za kuchambua mawimbi, huigeuza kuwa picha. Katika sumaku ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), protoni hizo huyumba kama pia ya kuchezea inayozunguka, takribani mara milioni 64 kwa sekunde. Hesabu hizo, nakiri, zilininyima usingizi.

Kinachonivutia zaidi sasa ni sumaku hafifu. Mwaka 2022, wahandisi wa Mbarara, Uganda, wakishirikiana na wenzao wa Leiden, Uholanzi, waliiunda palepale Mbarara mashine ya takribani tesla 0.05. Picha zake zina chenga, lakini haihitaji heliamu ya kimiminika ya kupoza sumaku wala umeme mwingi, na tasnifu yangu inahusu namna ya kuzipunguza chenga hizo.