Alhamisi ya risala: siku yangu moja na kalamu nyekundu ya Mwalimu

Saa 11:10 alfajiri. Nimeamka kabla ya kengele ya simu, jambo ambalo kwangu ni nadra. Mezani kuna karatasi nne na zote zinaanza vilevile: "Mwalimu wetu ni mchapakazi, mwenye moyo wa kujitolea, mlezi wa wengi." Nimezisoma upya, aibu ikanishika. Maneno hayohayo niliyaandika mwaka juzi tulipomuaga mhasibu. Badilisha jina, risala inatembea yenyewe.

Leo ni 5 Oktoba, Siku ya Walimu Duniani. UNESCO iliitangaza mwaka 1994 kukumbuka pendekezo kuhusu hadhi ya walimu, ambalo shirika hilo na Shirika la Kazi Duniani walilipitisha tarehe kama hii mwaka 1966. Ndiyo siku tuliyochagua kumpongeza Mwalimu, anayestaafu mwishoni mwa mwaka baada ya miaka 37 ya chaki. Mimi ni mtu wa hesabu. Kazi ya kuandika risala niliipata kwa sababu nilichelewa kikao.

Saa 12:35 asubuhi. Getini namkuta mzee anayelinda usiku, anajiandaa kukabidhi zamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Risala imekwisha?"

Shule nzima inajua. Nikamwambia ukweli, kwamba haijaanza. Akacheka, akaegemea nguzo, akanipa kitu ambacho sikukiomba. Zamani alikuwa anapokea mshahara kwa dole gumba. Kilichomuudhi hakikuwa kutojua kusoma, ilikuwa ule wino, maana ulikaa kidoleni siku mbili na kila aliyempa mkono aliuona. Aliposikia Mwalimu ana darasa la watu wazima jioni, akaenda, akakaa nyuma karibu na mlango, tayari kutoka. Alikuwa ameapa kwamba akianzishiwa a, e, i, o, u kama mtoto, anaondoka.

Mwalimu hakuanza na irabu. Alimuuliza, "Wewe unafanya kazi wapi?" Akajibu, langoni. Mwalimu akaandika ubaoni LANGO, akalikata vipande viwili, la na ngo. Chini ya kipande cha kwanza akaweka la, le, li, lo, lu. Chini ya cha pili nga, nge, ngi, ngo, ngu. Kisha akampa chaki na kumwambia aunganishe anavyotaka. Jioni hiyohiyo mzee aliondoka na maneno matatu: lango, lenga, lengo.

"Nilirudi kazini," akasema, "nikalitazama lango kama nimelitengeneza mimi."

(Wanaofundisha kisomo watatambua njia hiyo. Paulo Freire wa Brazili aliitumia mwaka 1963 mjini Angicos, kwa wafanyakazi wapatao 300 na masomo ya saa 40 hivi. Unaanza na neno ambalo mtu tayari analibeba maishani mwake. Moja ya maneno ya Freire yanayotajwa sana ni tijolo, yaani tofali. Sina hakika kama Mwalimu aliwahi kusikia habari za Freire. Nadhani alimtazama tu mzee usoni.)

Saa 1:30 hadi 3:30. Vipindi. Sehemu, tena sehemu. Mtoto mmoja ameshikilia kwamba theluthi ni kubwa kuliko nusu kwa sababu tatu ni kubwa kuliko mbili, na kwa kweli hoja yake imepangika kuliko risala yangu.

Saa 3:40, mapumziko. Katika chumba cha walimu mwenzetu anasoma simu kwa sauti: UNESCO inasema dunia itahitaji walimu wengine milioni 44 wa msingi na sekondari ifikapo mwaka 2030. "Na sisi leo tunatoa mmoja," akajibiwa kutoka kona ya pili. Mwalimu mwenyewe yupo palepale, ameinamia madaftari, hakuinua kichwa.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu kuomba nione jalada lake. Akaniruhusu nilisome mlemle ofisini. Nilitegemea hazina. Nikakuta barua ya ajira, barua mbili za uhamisho, fomu za likizo, nakala za vyeti, tathmini za kila mwaka zilizojazwa kwa haraka. Miaka 37, na darasa la jioni halimo hata mstari mmoja.

Nasema uongo. Limo mara moja. Karibu na mwisho kuna barua ya onyo ya miaka 22 iliyopita. Kosa: kutumia chumba cha darasa, umeme na chaki za shule baada ya saa za kazi "bila kibari". Imeandikwa hivyo, kwa r.

Nilikaa na karatasi ile muda mrefu kuliko nilivyopaswa. Tulikuwa tunajiandaa kumkabidhi ngao kwa utumishi wake kwa jamii, na ushahidi pekee wa maandishi kwamba utumishi huo uliwahi kutokea ni onyo.

Saa 4:15. Nimemfuata mezani kwake. Jalada ni lake, siwezi kulitangaza bila ridhaa.

"Mwalimu, nimeona barua fulani."

Alijua papo hapo. "Ile ya kibari? Bado ipo?" Akacheka hadi miwani ikashuka puani. Akaniambia siku ile alitaka kuirudisha imesahihishwa kwa wino mwekundu, mumewe akamzuia. "Isome ukitaka. Ila usimtaje aliyeiandika. Alikuwa anafuata kanuni, na watoto wake nimewafundisha mimi."

"Na darasa lilikufa?"

"Tulipumzika wiki mbili. Kisha Alhamisi moja nikapita, nikaukuta mlango uko wazi, nikaingia."

Akarudi kwenye madaftari yake. Mahojiano yakawa yamekwisha.

Saa 5:00. Kipindi cha bure. Nikafanya kitu ninachokiweza. Darasa la jioni lina miaka 24. Mara mbili kwa wiki, tuseme wiki 40 kwa mwaka, saa moja na nusu kila mara. Ni jioni 1,920, saa 2,880. Ukizigawa kwa siku ya kazi ya saa nane unapata siku 360, karibu miaka miwili ya shule, bila kuhesabu maandalizi wala kusahihisha. Nikarudia hesabu kwa sababu sikuiamini.

Hapo ndipo nilipoelewa ugomvi wangu na neno kujitolea. Ni neno zuri, lakini tunalitandaza juu ya mambo kama shuka, tusione kilicho chini. Lile pendekezo la 1966 tunaloliadhimisha leo linasema wazi kwamba katika kupanga saa za kufundisha, izingatiwe idadi ya wanafunzi, muda wa kuandaa na kusahihisha, shughuli za nje ya masomo, kuwashauri wanafunzi, na muda wa kuzungumza na wazazi. Waliokaa kuliandika walijua kazi ya mwalimu haiishi kengele ikilia. Sisi kwenye risala tunaziita saa hizo "moyo", na moyo hauna daftari la mahudhurio.

Nikazichana karatasi zote nne. Nikaandika upya, ukurasa mmoja na robo: wino wa kidoleni, lango, barua, 2,880.

Saa 8:00 mchana. Sherehe ianze. Saa 8:50, imeanza. Mgeni rasmi alichelewa. Hotuba yake ilikuwa ndefu na ilimfaa mtu yeyote. Watoto waliimba vizuri. Ngao ni nzito, ina herufi za dhahabu.

Nilipofika kwenye barua ya onyo, ukumbi ulinyamaza, nikaona mwalimu mkuu anatazama viatu vyake. Nikasoma "bila kibari" kama ilivyoandikwa, kwa r, na kicheko cha kwanza kilitoka kwa Mwalimu mwenyewe. Baada ya hapo kila mtu akaruhusiwa kucheka. Kwenye ile hesabu hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja safu ya nyuma alisimama bila kuitwa, akasema yeye alijifunza kusoma ili aache kumpa jirani barua za mwanawe azisome kwanza, kisha akakaa. Hakuwa kwenye ratiba. Mshereheshaji alihangaika na karatasi yake, na kwangu hiyo ilikuwa nusu dakika bora ya mchana wote.

Mwalimu alipewa nafasi ya kushukuru. Alishukuru, akatangaza kwamba kesho daftari za insha zikusanywe kabla ya paredi, akaketi.

Saa 10:30. Kupanga viti. Aliyewahi kufanya kazi shuleni anajua viti huletwa na watu hamsini na kurudishwa na watu wanne.

Saa 12:20 jioni. Nilidhani leo atapumzika. Nimepita kuchukua begi, taa ya darasa la mwisho inawaka. Ngao imeegemezwa ukutani chini ya ubao, na mtu ameshaweka kifutio juu yake. Watu kumi na kitu wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegonga juu. Ubaoni kuna neno KIBALI, limekatwa vipande vitatu, na chini ya li kuna la, le, li, lo, lu. Mwalimu aliniona dirishani, akainua kidole: subiri.

Akatoka, akanirudishia nakala ya risala niliyompa baada ya sherehe, imekunjwa mara nne. "Utasoma nyumbani." Hakuna asante, hakuna hongera. Mzee wa getini alikuwa ameshaanza zamu, amekaa kwenye kiti chake hatua chache kutoka mlangoni, fungu la funguo mapajani. Mchana wakati wa sherehe alikuwa nyumbani amelala. Hakuna aliyekumbuka kumwalika. Hata mimi.

Saa 3:10 usiku. Nimeikunjua. Wino mwekundu, bila shaka. "Mahuzurio" nimesahihishiwa kuwa "mahudhurio". Pembeni ya saa 2,880 ameandika: "Hesabu sawa. Mwaka niliougua umeutoa?" Sikuutoa, sikuujua. Aya ya pili ina mstari kuizunguka na neno moja, "ndefu". Kwenye sentensi yangu niliyoipenda kuliko zote, ile isemayo kwamba baada ya onyo aliukuta mlango uko wazi akaingia, amechora alama ya kuuliza kubwa, na chini yake:

"Mlango haukujifungua. Nani mwenye funguo usiku? Angeweza kufukuzwa kazi. Andika upya."

Nimetega simu saa 11:10. Zamu yake inaisha saa 1:00.