Kumsingizia Asiyeweza Kujibu

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu zangu katika imani, tafakari ya wiki hii naiandika na moyo ulioelemewa, na kilichouelemea ni kaseti moja ya marhemu baba yangu. Baba alikuwa mpiga fidla wa taarabu tangu ujana wake, na katika mwaka wake wa mwisho alijirekodi nyumbani akipiga bashrafu, yaani utungo wa ala tupu usio na maneno, aliyoitunga mwenyewe, ambayo haikufika mwisho: fidla inapanda, inageuka mara mbili, inateremka kama mtu anayetafuta pa kuketi, kisha inanyamaza, na kinachobaki ni mkwaruzo wa utepe. Tangu tulipomzika Mwanakwerekwe nimeisikiliza mara nyingi, na kila ninapofika hapo inapokatika huwa kama nimefiwa upya.

Jumapili iliyopita mtoto wa ndugu yangu, kijana anayesomea muziki Mji Mkongwe, alinijia na habari kwamba yuko mama mmoja upande wa shamba ambaye hupandisha pepo, na akishapanda huimba sauti za watu waliokwishafariki, na kwamba siku mbili nyuma aliimba kipande alichosema ni cha baba yangu, anayetaka bashrafu yake imaliziwe. "Ami," akaniambia, "twende tukasikilize tu. Mbona hata Ulaya mambo haya yapo, na mabingwa wa muziki wameyasikiliza?"

Kijana hakusema kwa kubahatisha. Alinisimulia kisa cha Rosemary Brown, mwanamke wa London aliyezaliwa mwaka 1916, ambaye alidai kwamba alipokuwa na umri wa miaka saba alitokewa na mzee mwenye nywele ndefu nyeupe, na baadaye akamtambua kuwa ni Franz Liszt, mtunzi aliyefariki mwaka 1886. Mwaka 1961 alifiwa na mumewe, akabaki na watoto wawili na kazi ya jikoni katika skuli. Na kuanzia mwaka 1964 akawa anaandika vipande vya muziki, mamia kwa mamia, akisema kwamba Liszt humwongoza mikono juu ya kinanda, na kwamba watunzi wengine waliokwishafariki, kama Chopin na Beethoven, nao humtajia noti moja baada ya moja. Mwaka 1969 BBC ilimtengenezea kipindi cha televisheni, na mwaka uliofuata ikatoka sahani ya santuri yenye vipande hivyo. Wapo wanamuziki waliostaajabu kwa kuwa yeye hakuwa na mafunzo makubwa, na wapo waliosema kwamba wanachokisikia ni mwangwi wa yale ambayo watunzi hao walikuwa wameshayaandika walipokuwa hai, na hafifu kuliko hayo.

Mwanamke huyo, aliyefariki mwaka 2001, mimi simwiti mwongo. Mjane mwenye watoto wawili, anayerudi jioni kutoka jikoni na kuikuta nyumba kimya, namfahamu zaidi kuliko ninavyotaka kukiri, na nafsi ya mwanadamu hubeba mengi ambayo mwenyewe hayajui. Wala sitaki kuingia leo katika suala la ala za muziki, ambalo lina maneno yake baina ya wanazuoni. Ninalotaka kulisema ni kuhusu sisi tunaojua, tuliosomeshwa chuoni tungali wadogo kwamba mbele ya waliokufa iko barzakh, kizuizi, mpaka siku watakapofufuliwa, na kwamba roho ni katika mambo ya Mola wetu, nasi hatukupewa katika elimu ila kidogo.

Nakiri mbele yenu kwamba nilitaka kwenda. Nilivaa kanzu, nikatenga noti ya shilingi elfu kumi katika mfuko wa pembeni kwa kujua kwamba huko haendi mtu mikono mitupu, na nilipokuwa mlangoni mke wangu akaniuliza nakwenda wapi. Mimi ambaye kila Ijumaa huwaandikia maneno ya Mwenyezi Mungu nilitafuta jina la mahali pa kumtajia, nikalikosa, nikarudi ndani nikaivua kanzu. Hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba mwenye kumwendea mpiga ramli akamuuliza jambo haikubaliwi sala yake kwa masiku arubaini, naijua kwa moyo na nimeisomesha. Lakini siku hiyo kilichonizuia hakikuwa elimu yangu, ilikuwa haya mbele ya mke wangu, na namshukuru Mola aliyeniwekea haya hiyo mlangoni.

Kesho yake niliuliza na nikapata jibu jepesi. Shangazi yangu alikutana na mama yule katika khitma, akamsimulia mwenyewe, kwa uchungu wa dada, habari ya kaseti isiyokwisha. Hapo nilikumbuka kisa kingine alichonieleza kijana wetu, cha mpiga fidla Jelly d'Arányi, ambaye mwaka 1933 alisema kwamba katika kikao cha kuwaita wafu amepata ujumbe wa Robert Schumann, mtunzi wa Kijerumani aliyekwishafariki, akimtaka aitafute na kuipiga konseto yake ya fidla, yaani utungo wa fidla pamoja na okestra. Konseto ilikuwapo kweli, Schumann aliiandika mwaka 1853, na hati yake ilikuwa imehifadhiwa maktaba mjini Berlin. Lakini kabla ya hapo ilikuwa mikononi mwa mpiga fidla Joseph Joachim, naye Joachim alikuwa mmoja wa wazee wa ukoo wake d'Arányi. Habari inayotembea ndani ya ukoo haihitaji kutoka kaburini. Na hata pale ambapo hakuna shangazi wa kusimulia, muumini anajua kwamba wapo majini walioishi na mtu na kumsikia miaka yote, kwa hiyo sauti inayofanana na ya baba si ushahidi kwamba ni baba.

Lakini lililonikosesha usingizi ni jengine. Mtu aliye hai ukimsingizia neno atasimama akanushe, na maiti hana mdomo wa kukanushia. Baba alikuwa akikaa na kipande kimoja wiki nzima, akijikuna kidevu kwa ncha ya upinde wa fidla, akikirudia mpaka sisi watoto tukakichukia, na kisipomridhi hakukitoa mbele ya watu hata aombwe vipi. Leo mtu akiimba vitu vyake, mimi nikavipokea na kusema hii ndiyo kazi ya baba, nitakuwa nimetia sahihi yake katika karatasi asiyoiona. Hiyo ni khiyana juu ya amana, na tunaifanya huku tukilia, tukidhani ni mapenzi.

Tena tunamtaka aongeze kazi mtu ambaye kazi yake imekatika. Tumefundishwa sote kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu: sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea. Katika matatu hayo, ndugu yangu, hakuna lake la kufanya tena. La mtoto ni lako wewe. Unamwendea mganga akuletee salamu za mama yako, na deni la mama yako dukani hujalipa, ilhali umefundishwa kwamba roho ya muumini hubaki imefungika kwa deni lake mpaka lilipwe. Unataka wasia mpya wa baba, na wasia wa zamani umeukalia kwa sababu ya kiwanja. Daftari la qasida za bibi yako linaliwa na mchwa juu ya kabati, na hakuna mjukuu hata mmoja aliyezisoma. Tunawataka wafu waseme zaidi, na waliyoyasema walipokuwa nasi hatukuyashika. Mimi mwenyewe ni wa kwanza: kaseti ile niliiacha katika droo yenye unyevu tangu masika, na siku niliyoambiwa kwamba baba anaimba shamba ndipo nilipokimbilia viatu.

Nendeni mkawalipie, nawaombeni. Nendeni mkawaombee kwa majina yao baada ya kila sala, msiseme tu "na wazee wetu" mkapita. Na nendeni kwa marafiki wao, kwani Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba katika wema mkubwa kabisa ni mtu kuwaunga wale ambao baba yake alikuwa akipendana nao. Na marafiki wa wazazi wetu wamekaa barazani huko Ng'ambo na Wete na Mkoani, macho yameingia ukungu, wanaisikia miguu yetu ikipita.

Jumatano baada ya Alasiri nilikwenda Kikwajuni kwa mzee mmoja aliyepiga udi pamoja na baba kwa miaka mingi, ambaye sikuwa nimemkanyagia mlango tangu siku ya maziko. Nilichukua kaseti na redio ndogo. Aliisikiliza yote, kiganja juu ya goti, vidole vikihesabu, na ilipofika pale inapokatika akasema, "Turudishe kidogo, mwanangu, na uongeze sauti." Nikarudisha. Chini ya mkwaruzo wa utepe, mbali, akanionyesha kwa kidole kitu ambacho sikukisikia hata mara moja katika mara zote nilizosikiliza: muadhini.

"Magharibi hiyo," akasema. "Baba yako hakupata hata siku moja kupiga juu ya adhana. Ameweka fidla, amekwenda msikitini."

Nikamuuliza kama hakurudi kuimalizia.

"Baada ya sala alikuwa haendi popote ila hapa," akasema, akaipapasa baraza tuliyokalia, "tukinywa kahawa mpaka Isha."