Kodi, kibarua na usingizi: Nairobi ya 2020

Kafyu ya korona ilipoanza Kenya tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, mama fua wa Nairobi, wanaofulia watu nguo kwa malipo ya siku, waliumia mapema. Waajiri waliogopa kuingiza mtu wa nje, na kibarua cha siku hakina notisi: simu inanyamaza tu. Kodi ya chumba cha mabati nayo haikunyamaza.

Mwenye deni la kodi huwa na mbinu yake: hutoka kabla keateka, msimamizi wa nyumba anayedai kodi, hajaamka, hurudi usiku. Kafyu iliiziba njia hiyo. Akashinda chumbani na watoto waliofungiwa shule, kila kishindo cha viatu nje kikimshtua. Hapo ndipo mtu huanza kuamka saa tisa usiku asilale tena, chakula kinamshinda, hasira zinawaangukia watoto. Ikipita wiki mbili mfululizo, aende zahanati. Si jambo la kuvumilia.

Kumwambia "usiwaze" ni kazi bure mlango wake ukiwa karibu kung'olewa. Anza na mlango. Alipe hata nusu, kwa M-Pesa, ujumbe asiufute. Salio liandikiwe tarehe ya kulipwa. Chumba cha kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi kinalindwa na sheria ya udhibiti wa kodi: kumtoa mpangaji kunahitaji amri ya baraza linaloamua kesi za kodi, na kung'oa mabati si amri. Wengi hawalijui hili, keateka akiwemo.

Anayefikiria kujidhuru asisubiri kodi ipatikane: simu 1199 ya Msalaba Mwekundu haina malipo.